Juma Alirudishiwa Pesa Ngapi?

Jumanne na Alhamisi jioni huwa namsaidia mtoto wa jirani kufanya homuweki ya hesabu. Yuko gredi ya tano. Mama yake ananilipa kidogo, na wiki ambazo biashara imelala ananilipa na sukuma wiki. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya hesabu ya kutoa iliyokuwa rahisi sana: karo ilikuwa kubwa kuliko tulichokuwa nacho nyumbani. Kuzidisha na kugawanya lakini sijasahau.

Wiki jana swali lilikuwa hili. Juma alienda dukani akanunua mikate 3 kwa shilingi 65 kila mmoja na pakiti 2 za maziwa kwa shilingi 60 kila moja. Alimpa mwenye duka noti ya shilingi 500. Je, alirudishiwa pesa ngapi?

Mtoto aliandika 195, akaandika 120, akajumlisha akapata 315, akatoa kwenye 500. Shilingi 185. Hakuhitaji msaada wangu hata kidogo. Halafu akaweka penseli chini akaniuliza, "Huyu Juma, hiyo mia tano alipewa na nani?"

Nilicheka. Nilidhani anatafuta njia ya kuchelewesha swali la pili. Lakini usiku nikiwa kitandani lile swali lilinirudia, maana ni kweli: Juma amekuwa akienda dukani tangu mimi niko darasa la pili, na hakuna siku hata moja kitabu kimesema pesa zake zinatoka wapi. Hesabu ya dukani inaanzia mlangoni pa duka. Bei umepewa, noti umepewa, kazi yako ni kujumlisha na kutoa. Nani amepanga bei, nani amemlipa Juma, na kwa nini shilingi ni shilingi, hayo hayamo kwenye alama. Na sehemu kubwa ya historia yetu imekaa hapo kwenye yasiyoulizwa. Kuna mwaka watu walipigwa risasi hapa Nairobi, na ukichimba sababu zake, moja ni hesabu ambayo huyu mtoto angeimaliza kabla chai haijapoa.

Maswali ya aina hii si ya juzi. Kuna mafunjo ya Misri yanayoitwa mafunjo ya Rhind, yaliyoandikwa na karani aitwaye Ahmose karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Yamejaa maswali ya mikate, pombe na nafaka. Moja linasema: gawa mikate 100 kwa watu 10, lakini nahodha, msimamizi na mlinzi wa mlango kila mmoja apate mara mbili ya wenzake. Ukitaka kulifanya, hesabu watu 7 wa kawaida na mafungu 6 ya wale wakubwa watatu, jumla mafungu 13. Mikate 100 ukigawa kwa 13, mtu wa kawaida anapata mikate 7 na kidogo zaidi ya theluthi mbili za mwingine, na mkubwa anapata 15 na kipande. Misri ya wakati huo watu walilipwa kwa mikate na pombe, kwa hiyo swali lile lilikuwa la mshahara. Angalau Ahmose alionyesha wazi kwamba kuna watu wanaopewa mara mbili. Sababu hakuisema, lakini ukweli wenyewe aliuweka mezani.

Hata kitabu mashuhuri cha hesabu za biashara cha Ulaya, kile cha Fibonacci cha mwaka 1202, kina mizizi Afrika. Baba yake alikuwa na kazi ya forodha Bugia, mji ambao leo unaitwa Béjaïa, Algeria, na huko ndiko kijana yule alikofundishwa kuandika hesabu kwa tarakimu hizi tunazotumia. Huko kwao Pisa wafanyabiashara walikuwa bado wanaandika kwa herufi za Kirumi. Jaribu kuzidisha 65 kwa 3 kwa herufi za Kirumi halafu uniambie.

Turudi nyumbani. Shosho wangu hakwenda shule zaidi ya miaka miwili, lakini aliuza viazi na maharagwe sokoni maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpunja. Alikuwa na maneno ya pesa ambayo nilipokuwa mdogo niliyaona ya kuchekesha. Senti 50 kwake ilikuwa thumuni. Shilingi 20 ilikuwa pauni, na shilingi 100 alikuwa akisema pauni tano bila kufikiria. Asiye na kitu hakuwa na "hata ndururu", yaani hata senti 5. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe alikuwa anatembea na makumbusho mdomoni.

Chukua hiyo thumuni. Ni neno la Kiarabu, maana yake sehemu moja ya nane. Sasa senti 50 ni nusu ya shilingi. Nusu imekuwaje sehemu ya nane? Jibu ni kwamba si sehemu ya nane ya shilingi. Pwani ya karne ya 19 ilifanya biashara kwa riale, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye picha ya malkia Maria Theresa, ambayo hata ikitengenezwa mwaka gani huandikwa 1780. Riale ilikuwa karibu rupia 2 za India. Sehemu ya nane ya rupia 2 ni robo rupia. Baadaye rupia ikaja kubadilishwa kwa shilingi 2, na robo ya shilingi 2 ni senti 50. Sarafu ilibadilika mara mbili chini ya miguu ya watu, riale ikaondoka, rupia ikaondoka, lakini kiasi kikabaki na jina lake lile lile mpaka kikamfikia mwanamke wa Kikuyu aliyeketi nyuma ya gunia la viazi.

Na wewe unayecheka shosho, wewe husema mbao kwa shilingi 20. Ukilisikiliza vizuri, hilo neno ni pauni iliyovaa nguo za mtaa, na pauni ilikuwa shilingi 20 barabara. Serikali yenyewe iliendelea kusoma bajeti kwa pauni za Kenya miaka mingi baada ya uhuru, wakati hakuna Mkenya aliyewahi kushika noti ya pauni ya Kenya mkononi.

Hata neno pesa lina cheti cha kuzaliwa. Ni paisa ya India. Rupia moja ilikuwa na anna 16, na kila anna paisa 4, kwa hiyo rupia ilikuwa pesa 64. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala kutoka Mombasa kabla ya serikali kuchukua nchi ilitengeneza sarafu zake mwaka 1888, na ile ndogo ya shaba ilikuwa pesa moja hasa. Fikiria basi Juma wa Mombasa wa miaka hiyo. Ananunua kitu cha pesa 37 kwa rupia moja. Anatakiwa kurudishiwa pesa 27, na anaweza kupewa anna 6 na pesa 3. Watu waliofanya hivyo kila siku kaunta, wengi wao hawajui kuandika, tunawaita hawakusoma. Mchele nao haukupimwa kwa kilo. Ulipimwa kwa kibaba, na vibaba 4 vilifanya pishi. Kila mtu anajua haba na haba hujaza kibaba. Ni wangapi kati yetu wameshika kibaba?

Namba 64 ina uzuri wake, inakatika katikati tena na tena: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mtu asiye na kalamu anaweza kugawa kwa kukata nusu, na nusu ya nusu. Ndiyo maana nusu, robo na thumuni zilitosha sokoni. Senti 100 zilikuja huku bara mwanzoni mwa karne ya 20, rupia ikagawanywa kwa mia badala ya 64. Kwa hiyo mtoto wa Kenya alikuwa akihesabu pesa kwa mamia zamani sana kabla ya mtoto wa Uingereza. Yule wa London aliendelea kuteseka na peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni mpaka Februari 1971. Hiki ni kitu kidogo cha kujivunia, nami najivunia.

Sasa ile hesabu ya risasi.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, rupia 15 zilikuwa pauni 1 ya Uingereza. Yaani rupia moja ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Rupia ilikuwa sarafu ya madini ya fedha, na vita vilipokwisha bei ya madini hayo ilikuwa imepanda sana duniani, rupia ikapanda nayo. Mwaka 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ofisi yake London, na mwaka 1920 serikali ikafunga bei ya rupia kuwa shilingi 2 za Kiingereza. Ikaja sarafu mpya, florini, ya thamani ile ile ya rupia, na haikukaa. Mwaka uliofuata ikapishwa na shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa rupia moja. Ndani ya muda mfupi hivyo, watu wa nchi hii waliambiwa pesa zao ni rupia, ni florini, ni shilingi.

Kwa mlowezi hesabu ilikuwa hivi. Tuseme alikuwa na deni la rupia 1,500 kwenye benki ya hapa. Kahawa yake anaiuza London, analipwa kwa pauni. Kwa bei ya zamani, pauni 100 zingemaliza lile deni. Kwa bei mpya ya rupia 10 kwa pauni, anahitaji pauni 150. Hajanunua kitu kingine chochote, deni limeongezeka kwa nusu. Nawaelewa walivyopiga kelele. Hata mimi ningepiga.

Lakini angalia walichofanya. Tuseme mfanyakazi wa shamba alikuwa analipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani rupia 6 ni shilingi 8 za Kiingereza. Kwa bei mpya ni shilingi 12. Walowezi wakasema, sisi tulikubali kulipa thamani ya shilingi 8, mbona sasa tunatoa 12? Mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Theluthi ya 12 ni 4. Inabaki 8. Kwenye karatasi, ukiisoma ukiwa London, hesabu imekaa sawa kabisa, na mwalimu angeweka tiki.

Kosa la hiyo hesabu ni kwamba mfanyakazi hakuwa akinunua chumvi London. Alikuwa akinunua duka la karibu, kwa rupia na senti, na vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu. Kwake rupia 6 zilikuwa rupia 6. Sasa zimekuwa shilingi 8, ambazo ni rupia 4. Mzigo wa mlowezi ulivuka kaunta ukaenda kukaa mfukoni mwa mtu aliyekuwa na mfuko mdogo kuliko wote.

Na hapo hapo kodi ilikuwa imepanda. Kodi ya nyumba na kichwa iliyokuwa rupia 5 ilifanywa rupia 8 mwaka 1920, yaani shilingi 16. Na kulikuwa na kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kwenye kikopo cha chuma shingoni. Ndani yake aliandikwa mwajiri wake, na mshahara aliokuwa akilipwa pia. Ukienda kutafuta kazi kwingine, tajiri mpya anafungua anasoma bei yako. Huwezi kumdanganya kwamba ulikuwa ukilipwa zaidi. Dukani bei ya mkate ndiyo huandikwa. Hapa bei iliyoandikwa ilikuwa ya mnunuzi.

Mtu aliyeisimamisha hesabu hii mbele ya watu alikuwa Harry Thuku, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, aliyekuwa akifanya kazi ya simu kwenye ofisi ya Hazina ya serikali Nairobi. Napenda sana hilo. Ofisi yenyewe ya pesa ndiyo aliyokuwa ameketi. Juni 1921 aliongoza kuundwa kwa chama cha vijana wa Kikuyu, na baada ya muda mfupi kikawa East African Association, kwa sababu theluthi iliyokatwa haikuchagua kabila. Alizunguka akihutubia kuhusu mishahara, kodi, kipande, na wanawake na wasichana waliokuwa wakilazimishwa kufanya kazi.

Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa nje ya kituo cha polisi alikofungwa, pale karibu na hoteli ya Norfolk na mahali ambapo sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama akanyanyua nguo yake juu mbele yao, tusi kubwa kuliko yote ambalo mwanamke Mkikuyu angeweza kulitoa, akawaambia kama wanaogopa wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na yeye akawa kati ya wa kwanza kuanguka. Idadi ya serikali ya waliokufa ilizidi 20 kidogo. Watu waliokuwepo walisema ni wengi zaidi, kwa hiyo hata maiti zilikuwa na hesabu mbili. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni miaka mingi. Kodi ikashushwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Barabara hiyo leo inaitwa Harry Thuku Road. Niliipita kila siku miaka miwili nikiwa chuo, nikikimbilia lekcha, na hakuna aliyeniambia kwamba ni barabara ya theluthi moja.

Baada ya hapo vitabu vya shule vilienda njia zao. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu mpya vyenye seti na duara zinazoingiliana. Mwaka 1981 serikali ya Moi ikaitupa nje. Wakubwa walilalamika kwamba watoto wanajua seti na hawawezi kuhesabu chenji. Ukaja mfumo wa 8-4-4 na mtihani wa KCPE kuanzia 1985, na Juma akarudi dukani kwa nguvu zote: bili, punguzo, faida na hasara, gharama za posta, redio ya kulipwa kwa awamu. Redio ni shilingi 3,000 taslimu, au unatoa 900 halafu unalipa 350 kwa miezi 8. Ukilipa kwa awamu inakuwa 3,700. Amelipa zaidi kwa kiasi gani? Shilingi 700, choisi C, endelea swali la 31. Kwamba zile 700 ni bei ya kutokuwa na 3,000 kwa mara moja, mtoto alitakiwa kuligundua mwenyewe akikua.

Na anagundua. Mtaani kwetu huo ndio uchumi wa kadogo. Tuseme lita ya mafuta ya kupikia ni shilingi 320. Mwenye kibanda anapima mafuta ya mbao, kikombe cha mililita 50. Lita ina vikombe 20 vya namna hiyo, 20 mara 20 ni 400. Anayenunua kidogo kidogo amelipa shilingi 80 juu ya mwenye pesa ya lita nzima. Simlaumu mwenye kibanda, naye ana kodi ya nyumba na mafuta mengine humwagika. Nasema tu kwamba kila mama mtaani anaijua hii hesabu na bado ananunua ya mbao, maana mbao ndiyo iliyoko leo. Halafu kuna supamaketi fulani nilikuwa naenda, kitu ni 199, unatoa mia mbili, unarudishiwa switi. Shosho angeirudisha ile switi kaunta.

Alhamisi iliyofuata nilimwandikia yule mtoto swali langu mwenyewe, lenye rupia. Mfanyakazi alikuwa akilipwa rupia 6 kwa mwezi na kodi ilikuwa rupia 5 kwa mwaka. Mshahara ukakatwa theluthi, kodi ikawa rupia 8. Je, sasa anafanya kazi miezi mingapi ili kulipa kodi peke yake?

Aliuliza rupia ni nini, nikamweleza. Akaandika 6, akagawa kwa 3, akatoa 2, akapata 4. Akagawa 8 kwa 4. Miezi 2. Akarudi juu mwenyewe bila kuambiwa, akaona kwamba zamani mwezi mmoja ulitosha na rupia moja ikabaki.

"Sasa hiyo miezi miwili alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia huko mashambani tajiri alikuwa akiwapa posho, unga wa kupimiwa. Akaniuliza kwa watoto je. Nikasema sijui kama walipimiwa. Akaliangalia daftari kidogo, akaandika 2 kwenye nafasi ya jibu, akafungua ukurasa unaofuata. Amina alikuwa amenunua kitambaa mita 4 na nusu.